Vichwa vya Omena

Harufu ya nyumba yetu ya Rodi Kopany ninayoikumbuka kuliko zote ni ya omena, dagaa wa ziwani, wanaochemka kwenye maji matupu, bila mafuta, bila nyanya, bila kitunguu. Juu yake inakuja harufu nyingine nzito, ya chumvi, kama maharage yaliyosahauliwa chunguni yakaanza kuchacha. Majirani wakiinusa walijua ni Ijumaa na Baba amerudi kutoka kazini Homa Bay. Baba alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mjapani aliyekuja kwa kazi ya mabomba ya maji, Bwana Kenta, ambaye kwa miaka miwili alimfundisha kupika vyakula vya kwao. Alipoondoka alimwachia Baba vibakuli vinne, vijiti vya kulia, karatasi nyeusi za majani ya baharini, na ndoo ndogo ya miso, ule uji mgumu wa soya uliovundikwa kwa chumvi. Baba aliiweka ndoo hiyo juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka redio.

Sisi ni Wasabato, kwa hivyo chakula cha Jumamosi hupikwa Ijumaa kabla jua halijatua. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya Baba. Kwetu mwanamume mwenye mke haingii jikoni, kwa hivyo yeye aliwasha jiko la makaa uani, mbele ya watu wote. Dani, yaani nyanya yangu, alimwita kutoka mlangoni kwake: "Owuor! Mke wako amerudi kwao?" Mama alikuwa pale pale, anacheka na kiganja mdomoni. "Hapana, Mama," Baba alijibu. "Hii si kupika. Hii ni kazi." "Kazi gani inanuka hivyo?" Lakini supu ikiiva Dani alikuwa wa kwanza kunyoosha kibakuli. Alikunywa, akala wali, akajipangusa mdomo, kisha akauliza, "Sasa tunakula saa ngapi?" kwa sababu ugali ulikuwa haujasongwa, na kwa Dani bila ugali mtu hajala.

Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya Baba. Nina haya tangu utotoni, hata kumsalimia mgeni ni mtihani, lakini pale jikoni pa uani sikulazimika kusema mengi. Baba alikuwa akimshika omena mmoja mmoja, anakata kichwa kwa kucha, anavuta na kile kijitumbo cheusi, anawarushia kuku haraka kabla Dani hajaona. Sikumuuliza kwa nini. Akimaliza alidondosha tone la supu kwenye kiganja changu. "Onja. Kuna nini?" Nikasema chumvi. "Na nini tena?" Sikujua. Alicheka, akasema ulimi nao husomeshwa, nitajua tu.

Nilikuwa na miaka kumi tulipoenda makambi ya kanisa Awendo. Baba alitufungia chakula cha safari: wali alioufinyanga kwa mikono kama mpira mdogo, katikati omena waliokaangwa, nje amefunga zile karatasi nyeusi. Wali ule ulikuwa mtamu, hata ukipoa, na karatasi ilikuwa na ladha ya ziwa siku ya mvua. Tatizo ni kwamba watoto wengine walifungua chapati. Msichana mmoja akaniangalia mikono. "Eti wali umevaa nguo ya matanga!" Mwingine akauliza, "Kwani nani amekufa huko ndani?" "Omena!" wakajibu wote, wakaangukiana kwa kicheko. Nikijiambia ukweli, hata mimi leo naona walikuwa wanachekesha. Siku hiyo nilitamani ardhi ya Awendo inifunike. Nikauweka wali chini kwenye nyasi, nikasema, "Si yangu." Nilipogeuka, Baba alikuwa nyuma yangu ameshika chupa ya uji aliyoniletea. Aliinama akaokota wali, akapangusa nyasi, akaula yeye mwenyewe akiwa amesimama.

Tangu hapo, kila Ijumaa akiniita "Njoo uonje," nilisema nina homuwaki. Kumbe homuwaki nilikuwa nimeshaimaliza. Nilikaa ndani na kitabu, nasikia mfuniko wa sufuria ukigongagonga, namngoja aniite mara ya pili ili nipate kisingizio cha kwenda. Aliniita mara moja tu kila wiki. Muhula ulipoisha akaacha kuniita.

Mwaka uliofuata koo lake likaanza kuuma. Hospitali walisema ni uvimbe, na walikuwa wamechelewa kuuona. Alirudi nyumbani na sauti ndogo kama ya karatasi inayokunjwa, na ugali haukupita tena. Dani alimsongea laini, akamsongea laini zaidi, akamkorogea uji, vyote vilirudi. Siku moja Baba akaonyesha kwa kidole juu ya kabati, kwenye ile ndoo. Mama na Dani wakanigeukia kwa pamoja. "Wewe ndiye ulikuwa unakaa naye," Mama akasema. "Mpikie, nyathina, mwanangu. Wewe unajua."

Sikujua. Hapo ndipo ningesema, au ningeingia chumbani kumuuliza polepole, naye angenijibu hata kwa vidole. Niliona haya. Ningemuulizaje kitu alichonifundisha Ijumaa zote zile nikakataa? Nikawasha jiko. Nilikumbuka vichwa, nikaanza kuvikata, Dani akanishika mkono. "Unatupa chakula? Omena wazima hawa, nimewachagua mwenyewe! Nguvu yote iko kichwani, mwache mwanangu apate nguvu." Sikuwahi kuuliza sababu yake. Nikawatia wazima na matumbo yao, nikatia miso pale pale, nikachemsha sana kama tunavyochemsha samaki yeyote kwetu, mpaka Dani akasema sasa imeiva.

Baba alishika kibakuli kwa mikono miwili. Alikunywa fundo la kwanza, akaniangalia. Nilidhani atauliza, kuna nini? Kisha akanywa yote, polepole, mpaka chini, na haikurudi. Mama alitoka nje kulia kwa furaha. Baba akaninong'oneza, "Iko sawa. Umeweza." Nilimpikia hivyo hivyo kila siku kwa wiki tatu, na kila siku alimaliza. Siku aliyoshindwa kumaliza ndiyo tuliyomwita mchungaji.

Sasa niko kidato cha tatu. Likizo ya Agosti iliyopita shangazi, dada yake Baba, alinialika Nairobi, akanipeleka kwenye mkahawa mdogo wa Kijapani kwa sababu alijua mambo ya kaka yake. Supu ilipoletwa nilifunga macho. Ilikuwa laini, na utamu wake ulikuja nyuma, taratibu. Haikuwa na uchungu hata kidogo. Nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya: niliinuka, nikaenda hadi dirisha la jikoni, nikamuuliza mpishi. Alikuwa Mkenya, mama mnene mwenye kicheko. "Hawa dagaa wa supu unawatoa kichwa na tumbo, mrembo. Ukiacha, supu inakuwa chungu kama dawa. Na miso unatia mwisho, haichemki." Nikasema asante. Nilirudi mezani, na shangazi akadhani nalia kwa sababu ya pilipili, ingawa pilipili haikuwepo. Baba aliishi kwa ulimi wake. Alijua tangu fundo la kwanza, na aliendelea kujua kwa wiki tatu.

Shangazi alinifungia kopo la miso. Nilipofika nyumbani nilipanga kuipika inavyotakiwa Ijumaa ile, lakini Dani alikuwa ameniwahi. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, jiko la uani ameliwasha kwa kupapasa. "Kaa, msomi. Leo nakupikia ile yako, ile iliyomweka baba yako hai." Nilimtazama akiwatia omena wazima na vichwa vyao, akatia miso, akaacha ichemke mpaka ikatoa povu. Kuku walikuja wakasimama karibu, wakangoja, hawakupata kitu. Kisha akanipa kibakuli, akakaa mbele yangu, uso wake ukingoja.

Ilikuwa chungu kama dawa. Nilikunywa polepole, mpaka chini. "Iko sawa, Dani," nikamwambia. "Umeweza."