Kiatu cha Kulia cha Gashe Tarekegn

Wagaye hakuwahi kumtazama mtu usoni kabla ya kumtazama miguuni. Ilianza kama kazi, ikawa tabia, na kwa maoni ya binti yake sasa ilikuwa ugonjwa. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye benchi la mawe mbele ya kanisa la Utatu, juu ya kilima cha Gondar, akilinda viatu vya waumini walioingia kusali na vya wageni walioingia kushangaa nyuso za malaika zilizochorwa darini. Hakugawa namba wala vipande vya karatasi. Alipokea viatu, akavitupia jicho mara moja, akavipanga kwenye mstari. Mwenyewe alipotoka, kabla hajafungua mdomo, alivikuta vimewekwa mbele yake, ncha zikielekea barabarani. Haikupotea hata kandambili moja.

"Peponi Mtakatifu Petro atashika funguo," Abba Zerihun, padri wa kanisa, alizoea kumtania, "na wewe utashika viatu."

"Kama wakiingia hawatoki, Abba, hiyo ni kazi rahisi."

Alizaliwa katika nyumba iliyoegemea ukuta wa ngome, na makasri ya wafalme aliyajua kama wengine wanavyojua ua wa bibi yao: wapi panafaa kujificha, wapi pana mbigili, jiwe gani hupata jua mapema. Alipokuwa msichana alijipenyeza kwenye tundu la ukuta kwenda kucheza ndani ya vizimba ambamo zamani walifugwa simba. Tundu hilo lilikuja kuzibwa na fundi mwashi aliyeitwa Desta. Wagaye alimwendea kumtukana, wakabishana wiki nzima, mwishowe akaolewa naye. Desta alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Alimwachia binti mmoja, Mahlet, na viatu vya ngozi alivyovivaa siku za sikukuu tu.

Mahlet sasa alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na saba, na alikuwa anaposwa. Wazee watatu walikuwa wakija kutoka Debre Tabor kumposea Habtamu, mwalimu wa hesabu. Mambo haya yana utaratibu wake. Mara ya kwanza wazee hawapewi jibu, hata mlevi wa Gondar analijua hilo. Mara ya pili wenye binti hukohoakohoa kidogo. Mara ya tatu wazee huambiwa waketi, na wakishaketi, mambo yamekwisha.

Tatizo lilikuwa kaka yake Wagaye, Gashe Admasu, kama wazee wanavyoitwa kwa heshima, aliyesimama mahali pa baba. Admasu alikuwa ameonja utamu wa kukataa. Mara ya kwanza alisema binti bado mdogo. Mara ya pili aliwataka wazee wataje mababu wa Habtamu vizazi saba, kuhakikisha hakuna undugu. Wakataja wote, mmoja baada ya mwingine, wamesimama, jasho likiwatoka. Admasu akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Huyo wa sita," alisema, "hamkumtaja kwa moyo."

Leo, Jumanne, saa tisa alasiri, ilikuwa mara ya tatu. Asubuhi Mahlet alimfuata mama yake jikoni, ambako kuku na mayai kumi na mawili vilikuwa vikichemka kwenye mchuzi mwekundu.

"Mama, mjomba akiwarudisha leo, hawarudi tena. Nitazeeka nikiwa bado mdogo."

"Mjomba wako nitamweza."

Lakini angemwezaje? Wanawake hawakai na wazee wa posa. Mara zote mbili Wagaye alibaki chumba cha nyuma, nyuma ya pazia lisilofika chini, na kupitia upenyo ule hakuona sura hata moja. Aliona viatu tu.

Kwa hiyo saa saba kasorobo, pale kanisani, jozi ya viatu vya kahawia ilipowekwa mbele yake, moyo wake uliruka. Kisigino kipya. Kamba ya kushoto nyeusi, ya kulia ya kahawia. Ndio walewale! Aliinua macho taratibu, akamwona kwa mara ya kwanza mkubwa wa wazee, Gashe Tarekegn: mrefu, mwembamba, amenuna. Nyuma yake alikuwa Gashe Molla, mfupi wa kitambi, na mzee wa tatu ambaye alikuwa kiziwi kidogo na mwenye furaha.

"Tangu asubuhi tumezunguka makasri sita," Molla alilalamika akivua soksi, "na bwawa la mfalme lisilo na maji. Miguu yangu inaniuliza imenikosea nini."

"Umejifunza nini lakini?" Tarekegn aliuliza.

"Kwamba wafalme hawakuwa na viti."

"Mimi nimejifunza. Kila mfalme alijijengea kasri lake mwenyewe ili asimwombe mtu kitu. Mimi nina miaka sabini na mbili, na bado nasimama mbele ya mjomba wa watu kama mwanafunzi aliyechelewa. Basi la Debre Tabor linaondoka saa nane. Nikishaubusu mlango wa kanisa hili, mimi na Gondar basi."

"Na Habtamu je?"

"Habtamu ni mwalimu wa hesabu. Wasichana atawahesabu kwingine."

Wakaingia, kila mmoja akigusa mlango kwa paji la uso.

Wagaye alibaki ameviangalia vile viatu vya kahawia. Miaka kumi na tisa. Halafu mkono wake ulijiendea wenyewe, kabla kichwa hakijaupa ruhusa. Ulichukua kiatu cha kulia, ukakitia ndani ya kikapu chake cha shayiri iliyokaangwa, ukafunika kifuniko. Ili mkono usije ukabadili nia, Wagaye alikishusha kikapu chini, akakikalia.

Wazee walipotoka, Molla alipata vyake, yule wa tatu akapata vyake. Mbele ya Tarekegn kilisimama kiatu kimoja.

"Mama," alisema, "mimi nina miguu miwili."

"Naona, Gashe."

"Basi?"

Wagaye hakuwa tayari kusema uongo hatua kumi kutoka madhabahuni. Alikuwa tayari kusema ukweli kwa uangalifu mkubwa.

"Nimeangalia mstari wote, Gashe. Kwenye mstari hakimo."

"Kimeibwa!"

"Hakuna aliyepita hapa na kiatu chako."

"Labda malaika mmoja kakipenda," Molla alisema. "Wako wengi sana mle darini, na wote hawana hata miguu."

Kelele zilimtoa Abba Zerihun, fimbo mkononi. Aliposikia habari alishika ndevu.

"Etiye Wagaye! Umepoteza kiatu? Wewe?"

"Sijapoteza, Abba."

"Kiko wapi basi?"

"Hakijatoka nje ya ukuta wa kanisa."

Abba alimtazama. Alitazama benchi la mawe, ambalo kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa lilikuwa tupu. Akatazama kikapu na namna Wagaye alivyokikalia, wima kama malkia.

"Kama hakijatoka," alisema taratibu, "basi hakuna haja ya kuita polisi." Akarudi ndani haraka, mabega yakimtikisika.

Walitafuta chini ya mizeituni. Walitafuta kando ya kuta za mviringo. Yule mzee wa tatu, ambaye hakusikia kilichopotea, alitafuta kwa bidii kuliko wote. Kengele ya saa nane ilipolia kutoka mjini, Tarekegn alikaa chini kwenye nyasi.

"Basi limekwenda."

"Gashe, nisamehe," Wagaye alisema, na hapo alimaanisha kila neno. "Nyumba yangu iko karibu na ukuta wa ngome. Marehemu mume wangu aliacha viatu vizuri. Njoo uvijaribu. Kwa sasa vaa sandali yangu."

Ilikuwa sandali ya plastiki ya waridi, yenye ua juu. Vidole vya Tarekegn viliingia. Kisigino kilibaki nje.

Waliteremka kilima hivyo: Wagaye mbele, peku, kikapu kifuani, Tarekegn nyuma yake, mguu mmoja wa mzee mheshimiwa na mwingine wa bibi harusi, na wenzake wawili nyuma kabisa. Wauza vitunguu waliinamisha vichwa kumsalimu, kisha wakabaki wameinama, wakiumauma mashuka waliyojitanda.

"Umekikumbatia kikapu kama mtoto mchanga," Tarekegn alisema kwa hasira. "Kuna nini?"

"Mali ya watu, Gashe. Nimezoea kulinda."

Walipofika ukuta wa ngome, mzee aliomba apumzike. Aliegemeza mkono kwenye mawe, akavutwa na kitu, akapapasa.

"Hapa palizibwa. Mikono iliyopaziba ilikuwa na subira. Mfalme hakupata fundi kama huyu."

"Alikuwa mume wangu," Wagaye alisema. "Hilo tundu lilikuwa langu. Aliliziba, nikamchukia, nikampikia."

Tarekegn alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kucheka huko kukamsogeza hadi kwenye mlango wa bluu bila kuuona. Alipouona, alisimama.

"Mama. Nyumba hii naijua."

"Na mimi viatu vyako navijua," Wagaye alisema. "Ingia, Gashe. Saa tisa haijafika, lakini kuku ameiva."

Papo hapo mlango ulifunguliwa. Gashe Admasu alisimama kizingitini na shuka lake jeupe begani. Tangu asubuhi alikuwa akifanya mazoezi ya kukataa mbele ya kioo. Wagaye alipita pembeni yake akaenda nyuma ya pazia, akamshika Mahlet mkono. Wazee waliingia, wakasimama kama utaratibu unavyotaka. Tarekegn alisimama kwa mguu mmoja, maana sandali ilikuwa inamuuma.

"Mmekuja," Admasu alianza kwa sauti nzito.

"Tumekuja," Tarekegn alisema. "Sijui tumeletwa na nani, lakini tumekuja."

Macho ya Admasu yaliteremka. Yakafika kwenye ua la waridi. Shavu lake lilitetemeka.

"Gashe... umeshuka kilima kizima hivyo? Mbele za watu?"

"Mji mzima umeniona."

"Kwa ajili ya binti yetu?"

Nyuma ya pazia Mahlet alimfinya mama yake mpaka akaumia. Tarekegn alitazama sandali, akamtazama Molla, ambaye alikuwa akikodolea macho dari, akavuta pumzi.

"Unadhani sandali hii nimeivaa kwa uzuri wake?"

Admasu alipasuka. Alicheka akiwa ameshikilia mlango, alicheka hadi shuka likamwanguka, na katikati ya kicheko, akifuta machozi, neno likamponyoka. "Kaeni! Kaeni, jamani, mtaniua!"

Yule mzee wa tatu, ambaye neno hilo alilisikia vizuri, alikuwa wa kwanza kuketi. Vigelegele vya Mahlet vikatikisa pazia.

Hapo Wagaye alifanya jambo ambalo mama wa binti hafanyi: alitoka mbele ya wazee. Alifungua kikapu, akakitoa kiatu cha kulia, akakiweka sakafuni mbele ya Tarekegn.

"Hakikupotea," alisema. "Nilikikalia tu. Hakijapotea hata kimoja."

Viatu vyote alivyowahi kumrudishia mtu vilielekea barabarani. Hiki alikiweka ncha ikielekea ndani ya nyumba.

Tarekegn alikiokota, akakikung'uta kiganjani, na punje chache za shayiri zikadondoka. Alitia moja mdomoni, akatafuna polepole.

"Imekaangwa vizuri," alisema. "Iliyobaki mnaileta?"