Asubuhi Mkono wa Mama Simran Uliponyamaza

Kamla, mama yake Simran, alikuwa na mkono wa kushoto uliojulikana mtaa wetu wote wa Section 58. Ulivuma. Zamani figo zake zilipogoma, madaktari waliunganisha mishipa miwili hapo mkononi ili mashine ya kusafisha damu ipate njia. Tangu hapo ukiuwekea sikio unasikia mvumo, kama mashine ya kusaga posho iliyo mbali. Watoto wetu sisi majirani walipanga foleni kusikiliza.

Aliyesikiliza kuwashinda wote ni mumewe Jaswant, muuza spea za matrekta. Nesi alikuwa amemwonya kwamba mvumo ukikatika, akimbilie hospitali. Basi kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kufunga kilemba, aliinama akasikiliza. Hata baada ya kaka yake Kamla kumtolea figo na mashine kusahaulika, mzee hakuacha.

Ubaya ni kwamba mshipa ule haukujua kustaafu. Ulivimba, ukavuta damu nyingi, moyo ukaanza kuchoka. Mama Simran akipiga makofi kidogo tu, anatweta. Na harusi ya Simran, iliyoahirishwa Januari 2008 kwa sababu ya vurugu za uchaguzi, sasa ilikuwa Agosti. Alitaka kumchezea bintiye, tena akiwa na bangili za kioo mikono yote miwili. Ule wa kushoto ulikuwa umekatazwa kuvaa chochote.

"Watakupasua ili wauzibe mshipa?" nilimuuliza.

"Hapana, Linah. Daktari napitisha mrija kidogo kwa tundu ya sindano, naweka kizibo ndani ya mshipa, kwisha. Hata kushona hakuna."

Akaenda Nairobi, akarudi na plasta ndogo ya kuchekesha. Tulifurahi hadi nikaunguza chapati.

Kesho yake asubuhi mlango wangu ukagongwa karibu uvunjike. Alikuwa Jaswant, nywele hadi kiunoni, kilemba hakuna, funguo za pikapu mkononi.

"Linah, kuja saidia beba. Mkono ya Mama Simran imenyamaza."

Nilitoka mbio na kiatu kimoja, nikamshinda mzee kufika. Kamla alikuwa ameketi kitandani, anapiga miayo.

"Jaswant," akasema, "jana sisi nilienda Nairobi kufanya nini?"

Mzee akakaa sakafuni, akacheka mpaka machozi yakalowesha ndevu, na mimi nikakaa kando yake na kiatu changu kimoja.

Harusini Mama Simran alicheza hadi mpiga ngoma akaomba maji. Bangili za kijani na nyekundu zilimjaa mkono wa kushoto, na hakutweta hata kidogo.

Jaswant bado anauinamia mkono ule kila asubuhi. Kamla huutikisa kidogo, bangili zikalia, naye mzee akainuka kwenda kufunga kilemba.