Vijinge Chini ya Gome

Bathsheba Gesare hununua miti ikiwa imesimama. Huo ndio ufundi wake, na haukumdondokea kutoka mbinguni. Alianza kwa kuuza mafungu ya kuni kando ya barabara pale Nyakoe, akajifunza kuusoma mti kama wengine wanavyousoma uso wa mtu, na leo ana yadi ya mbao na msumeno wa injini. Mwenye mti huja na shida yake, Bathsheba huja na macho yake. Hapo katikati ndipo bei inapozaliwa.

Tena ana mbinu moja ambayo hajamfunza mtu. Akifika kwenye mti huuzunguka mara moja bila kusema neno, kisha huingiza ncha ya panga chini ya gome lililolegea na kulibandua. Mara nyingi hapo hutawanyika vijidudu vidogo kuliko punje ya wimbi, vya rangi ya kahawia, bapa kana kwamba vimepigwa pasi, kila kimoja na koleo mbili mbele kama za nge. Mkia havina. Ukivipulizia, hurudi kinyumenyume. Bathsheba huviita vijinge. Hukichukua kimoja kiganjani, humwonyesha mwenye mti, na kutikisa kichwa.

"Unawaona hawa? Hawa hawakai kwenye mti mzima. Ndani umeshaliwa."

Ni uongo. Afisa mmoja wa misitu aliyestaafu alimweleza zamani kwamba vijinge havitafuni mti hata kidogo. Hukaa chini ya gome kuwinda wadudu wadogo zaidi, na vikitaka kuhama hushika mguu wa nzi na kubebwa. Bathsheba alimshukuru mzee yule, akaificha elimu yake. Mtu akishaona koleo za nge, hana tena nguvu ya kubishana.

Mwezi wa tano alimfanyia hivyo Alfayo Onyancha wa Nyaramba. Mkaratusi wa Alfayo ulisimama nyuma ya nyumba, mnene, watu wawili wasingeweza kuukumbatia, na tawi lake moja lilikuwa limening'inia juu ya mabati. Bathsheba alibandua gome, akatoa kijinge, akataja nusu ya bei.

"Mama, mti huu niliupanda mwenyewe," Alfayo alisema. "Nikiugonga, unaniitikia. Hauna ugonjwa."

"Kinachoitika sana ni ngoma, baba, na ngoma ni tupu ndani."

Mkewe, Nyakerario, alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikiinamia kile kijidudu, akauliza kama mti ungeweza kuiangukia nyumba. Bathsheba alimjibu kwamba siku za Mungu hazijulikani, lakini kama nyumba ingekuwa yake, asingelala upande ule. Akaaga. Kuwaachia wenye mali hofu ya wiki moja ni sehemu ya mapatano. Ukirudi unawakuta wamelainika.

Siku ya sita, Alfayo alipanda kulikata lile tawi. Kamba iliteleza.

Aliyeleta habari yadini ni Abner, fundi wake wa msumeno. "Madamu, yule mzee wa Nyaramba mwenye mkaratusi ameanguka. Hatunaye."

"Pole yao," Bathsheba alisema, akaendelea kupima mbao. Baadaye, akinywa chai, nzi alitua kwenye ukingo wa kikombe. Mguuni mwake kulikuwa na kijinge kimening'inia, koleo moja imefunga kabisa. Alimfukuza nzi, akamwaga chai. Keshokutwa yake akakuta kingine kwenye mkunjo wa leso. Siku ya Sabato, kanisani, akafungua Biblia na kimoja kikavuka ukurasa kinyumenyume, taratibu, kikiwa kimenyoosha koleo kumwelekea.

Mtu anayeshinda na magome atabeba yaliyo kwenye magome. Hilo alijiambia, na lilikuwa na maana. Lakini miaka kumi na miwili ya kazi hakuwahi kukiona hata kimoja nje ya mti. Au hakuwahi kuangalia. Akaanza kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa, na kutotia mkono mfukoni bila kuchungulia kwanza.

Wiki mbili zikapita, Nyakerario akapiga simu.

"Ni mama Bitutu wa Nyaramba. Njoo ukate ule mti. Bei yako ileile."

"Pole kwa msiba, mama. Mti hauna haraka."

"Mimi ninayo. Maziko ni Alhamisi. Shemeji yangu Jethro anawaambia watu kwamba mti ni mzima, na mimi ndiye niliyetunga habari za kuoza ili nimpandishe ndugu yake huko juu. Wanasema nikishazika nirudi kwetu. Nimewaambia wangoje, mwenye kujua miti aje aufungue mbele yao. Wewe uliona. Mimi sikuongeza neno."

Bathsheba aliweka simu mezani, akapiga mahesabu ya mambo. Asipoenda, Jethro atamwita mwingine mwenye msumeno. Akienda, msumeno utasema wenyewe, na atakayeonekana mwongo ni mjane. Akatafuta mlango wa tatu, kwa maana katika biashara hajawahi kuukosa. Akaupata: atasema uozo ulikuwa kwenye lile tawi, na tawi bila shaka limeshakuwa kuni za matanga. Jumatano akaenda na Abner, maneno yakiwa tayari mdomoni.

Hema lilikuwa linasimamishwa. Wanawake walikuwa wakimenya ndizi, na upande wa kulia wa nyumba vijana walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi.

"Karibu, daktari wa miti," Jethro alisema, na wanaume wakacheka kidogo. "Leo utuonyeshe mgonjwa."

Nyakerario alikuja akamshika Bathsheba mkono. "Nimewaambia wote kwamba wewe husemi maneno ya bure."

Abner aliwasha msumeno. Mkaratusi uliinama polepole upande wa majani chai, ukalala, ardhi ikatikisika, magome yakachanika kwa vipande virefu. Kisiki kilikuwa chekundu, kibichi, kimeshikamana hadi moyoni. Hapakuwa na tundu la kupitisha sindano. Jethro alipiga goti, akakigonga kwa ngumi, kisha akainua uso.

"Ugonjwa uko wapi, shemeji?"

Nyakerario alikitazama kisiki. Akamtazama Bathsheba, akangoja. Vijinge vilikuwa vikitoka kwenye magome na kutawanyika juu ya mbao mbichi, vingi kuliko Bathsheba alivyowahi kuviona. Kisha mjane akasema, kwa sauti ya chini, "Labda mimi nilisikia vibaya. Nilikuwa na hofu. Labda mama huyu alisema jambo lingine."

Huo ulikuwa mlango mzuri kuliko ule aliokuja nao. Alikuwa anapewa bure. Na Bathsheba hajawahi kupewa kitu bure bila kukigeuza kwanza aone kina kasoro gani.

"Hukusikia vibaya," alisema. "Nilisema umeoza. Nilijua ni mzima. Wadudu hawa hawali mti. Nilitaka niupate kwa nusu."

Hakuna aliyemtukana. Abner aliuweka msumeno chini.

"Mume wangu alisema unamwitikia," Nyakerario alisema. "Mimi nikacheka." Akamgeukia Abner. "Uache hapohapo ulipo. Hauuzwi."

Bathsheba alitafuta mkoba wake aondoke. Nyakerario akamvutia kiti cha plastiki mbele ya hema, mahali anapoonekana na kila anayeingia langoni.

"Kaa hapa. Kuna ndugu wa Kisii bado hawajafika, na wengine watakuja kesho na mwili. Hawa wamekusikia. Wale bado."

Bathsheba akakaa. Kila gari lilipoingia uani, Nyakerario alimtazama tu, naye akasimama na kuyasema tena, kuanzia mwanzo.