Mama Alipokwenda Darasani, Nilibaki Dunguni

Harufu ya mpunga unaokaribia kuiva huwapendeza watu wengi. Mimi hunibana kifua. Nilikuwa darasa la nne, likizo, na shamba letu lilikuwa ng'ambo ya matete, upande wa Mloka. Msimu ule walimu wa chuo kikuu walikuja kijijini kufundisha kina mama na mkazi yeyote aliyetaka, hata kama hakumaliza shule. Walifundisha kufuga nyuki na kuzuia tembo kwa pilipili. Atakayehudhuria vipindi vyote angepelekwa chuoni wiki nzima, akasome na wengine. Mama aliandikisha jina siku ya kwanza.

Shangazi, ambaye shamba lake lilipakana na letu, alicheka hadi akakaa chini. "Wifi, chuo kikuu na mvi hizo? Watakuuliza umemleta mjukuu gani!"

"Mvi hazishiki kalamu, wifi. Mkono ndio unaoshika," mama akajibu, akajifunga kanga yake, akaenda.

Baba alikwisha fariki, kwa hiyo mlinzi nikawa mimi. Nilipanda dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo nne, nikakaa na debe na fimbo. Kwetu, anayeona mnyama hupiga debe. Dungu la pili hulisikia na kupiga lake, kisha la tatu, mpaka bonde zima linajua. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi macho yalikuwa mazima. Moyo ndio uliokufa kila upepo ulipogusa matete.

Alasiri moja matete yalifunguka, akatoka tembo. Alikuwa karibu hata nikasikia tumbo lake likinguruma. Fimbo nilikuwa nayo mkononi. Mkono haukwenda. Gauni lililowa, naye akala polepole, akakanyaga, akavuka mpaka wa shamba, akaingia kwa shangazi. Hakuna debe lililolia bonde zima, kwa sababu la kwanza kulia lilipaswa kuwa langu.

"Ulikuwa umelala, wewe?" shangazi alifoka.

Nikaitikia kwa kichwa. Kulala kulinitia aibu ndogo kuliko woga.

Mama aliutazama mpunga uliolala matopeni, akanitazama mimi. "Basi," alisema. "Siendi tena." Nilitaka kumwambia aende. Lakini ndani yangu nilifurahi kwamba sitabaki peke yangu, na furaha ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Wenzake walikwenda chuoni wakarudi na vyeti. Mama aliwapikia wali wa kuwapongeza.

Mimi niliishia darasa la saba. Mwaka huu walimu wale wamerudi, na jina la mama nimelipeleka mwenyewe. Aliposita, nikamwambia nilichokificha miaka yote: "Mama, siku ile sikulala."

"Nilijua, mwanangu. Aliyelala hatetemeki."

Sasa yuko darasani, kipindi cha mwisho kabla ya safari ya chuo, nami naandika haya huku juu dunguni, neno moja moja. Nilidhani ukubwa ungeniondolea hofu. Matete yakitikisika, magoti bado yanagongana kama ya yule mtoto. Ila siku hizi napiga debe kwanza, halafu ndipo naogopa.