Jedwali la Saba kwa Mpira

Watoto walimwita Mwalimu Filimbi, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefundisha michezo tu. Mwalimu wa hesabu alipohama, mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Darasa la nne lishike wewe kwa muda."

"Mkuu, mimi mwenyewe hesabu zilinipiga chenga."

"Vumilia kidogo."

Hicho kidogo kiliingia mwaka wa pili. Watoto walikuwa sitini na wanane, madawati ishirini na moja. Alikuwa akiandika jedwali la saba ubaoni huku goti la kulia likimuuma, na akigeuka anakuta nusu ya darasa inasinzia.

Asubuhi moja, kwa kuchoka tu wala si kwa ubunifu, alichukua mpira akawatoa nje, akawapanga duara.

"Anayedaka anataja namba inayofuata. Saba!"

"Kumi na nne!"

"Ishirini na moja!"

Aliyekwama aliudundisha mpira mara saba, akihesabu kuanzia namba iliyopita mpaka afike. Mwalimu wa darasa la tano akachungulia dirishani.

"Jamani, wengine huku tunafundisha!"

"Hata mimi nafundisha, dada."

"Hilo ni soko!"

Mwalimu Filimbi akawahamishia watoto wake nyuma ya vyoo. Kila siku mpira ulipotelea vichakani, na kila siku aliufuata yeye, akichechemea. Nyumbani mkewe alimkanda goti kwa maji ya moto.

"Hesabu gani hizo zinazovimbisha goti, baba?"

"Za kuzidisha," akajibu, macho ameyafumba.

Kulikuwa na binti mmoja wa dawati la nyuma ambaye alikuwa hajawahi kujibu swali. Siku mpira ulipomfikia, namba ilikuwa arobaini na mbili. Aliukumbatia. Wenzake wakaanza kucheka. Mwalimu akawakata jicho. Binti akaudundisha polepole, midomo ikitembea.

"Arobaini na tisa," akasema, akautupa kwa nguvu hadi ukampiga mwalimu kifuani. Mwalimu alitaka kushangilia, pumzi zikamkatalia. Akamwinulia kidole gumba.

Muhula uliotangulia, mtihani wa hesabu walikuwa wamefaulu watoto kumi na tisa. Safari hii walifaulu thelathini na wanne. Mkuu alisoma karatasi ya matokeo, akakuna kidevu.

"Basi baki nalo hilo darasa."

Mwalimu hakuwa na nguvu za kubishana. "Nipe kiti cha kukaa nje."

Akapewa. Siku hizi jedwali la nane analifundisha akiwa amekaa, mguu ameunyoosha, na mpira ukiingia vichakani wanaufuata wenyewe.