Barabara ya Japani iliyomfanya mama apige nduru

Leo mama amepiga nduru mpaka jirani akagonga ukuta.

Yuko hapa Birmingham, Uingereza, kunitembelea, wiki ya pili sasa. Asubuhi tukampigia video ndugu yangu Brayo, anayefundisha kwenye mji mdogo huko Japani. Theluji imemfika kiunoni! Akageuza simu atuonyeshe barabara.

Katikati ya lami, maji yanaruka. Mstari mzima!

Mama akapiga nduru: "Brayo! Paipu imepasuka! Kimbia ulete mitungi!"

Sitawadanganya, hata mimi nilishaanza kutafuta ndoo kwa macho.

Brayo akacheka. "Mum, wameyaweka makusudi. Yanatoka chini ya ardhi, yanayeyusha theluji."

Mama akaninyang'anya simu. Mnajua mtaani kwetu huko nyumbani maji hutoka Jumanne peke yake, tena kwa bahati.

"Wanamwagia barabara? Maji safi?"

"Mchana kutwa, Mum."

Akanirudishia simu bila hata kumuaga.

Sasa hivi nimemkuta jikoni. Amejaza maji sufuria zote, birika, hadi beseni la nguo. Anasema hao watu wakiendelea hivyo, yataisha hata huku.

Jameni, niyamwage, ama nimletee ndoo?