Mabuti ya Shangazi Gudlaug

Shangazi Gudlaug, shangazi wa bonde zima, ndiye mshonaji wa mavazi yetu ya asili, na tarehe kumi na saba Mei hakuna anayempita bila kukaguliwa. Ukivaa miwani ya jua pamoja na vazi alilokudarizia majira yote ya baridi, utaivua. "Bibi yako alikuwa na miwani kama hiyo?" Viatu ni vyeusi, vya bizimu za fedha, basi. Watu humcheka pembeni, lakini akitokea wanaficha miguu.

Siku hiyo ndiyo tuliyopata katiba, mwaka 1814, na hatutembezi mizinga, tunatembeza watoto. Gwaride huishia makao ya wazee, ng'ambo ya daraja, chini ya dirisha la Mzee Anfinn. Utotoni mwake, wakati wa vita vikuu, Wajerumani waliikalia nchi yetu kwa mabavu, wakapiga marufuku bendera na gwaride. Mama yake akamshonea utepe wa rangi za bendera ndani ya koti, wakapita barabarani wawili tu, kimya, kama waendao dukani. Tangu vita viishe hajakosa gwaride hata moja.

Mwaka huu theluji ya mlimani iliyeyuka kwa pupa, maji yakafunika barabara baada ya daraja. Steinar, mwenyekiti wa kamati, akatusimamisha.

"Tunageuzia hapa. Mavazi yataharibika, Shangazi, na la kwanza ni lako."

"Na Anfinn?"

"Tutampigia simu."

"Gwaride la simu! Na keki utampitishia humo humo?"

Akaingia zizini kwa jirani, akatoka amevaa mabuti ya mpira, ya kijani, yana samadi, chini ya lile vazi la sufu. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akakusanya sketi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamnyang'anya Steinar bendera, akaingia majini. Nikainua ngoma yangu, nikamfuata. Watoto nao wakajitosa kwa kelele. Walikuwa wanangoja ruhusa tu ya kulowa.

Mzee Anfinn alikuwa amekaa dirishani, koti limefungwa vifungo vyote, uso ameugeuzia ukutani. Nikapiga ngoma. Akageuka, akafungua dirisha, akamkagua Shangazi toka kichwani hadi miguuni.

"We Gudlaug! Bibi yako alikuwa na viatu kama hivyo?"

"Alikuwa navyo, mzee, vya kukamulia ng'ombe. Haya, tupigie hurra ya shangwe, miguu inaganda!"

Akaipiga, mpaka akakohoa.